Programu ya kurushiwa na mtu unayemjua

Kwenye mabaraza ya Chake Chake na maduka ya simu Darajani, wengi huamini kuwa programu ikitoka kwa mtu unayemjua, basi ni salama. Imani yenyewe ina mantiki yake: bando ni ghali, na faili la APK, yaani faili la kuingizia programu kwenye simu ya Android, likirushwa kwa Bluetooth halili bando hata kidogo.

Lakini aliyekurushia naye karushiwa. Wa mwanzo hamumjui nyote wawili. Programu halisi inaweza kufunguliwa, ikatiwa kirusi, ikafungwa tena na ikaendelea kufanya kazi yake kama kawaida. Simu si lazima ipate moto wala igande, ndiyo maana mtu hashuku. Ruhusa ya kuogopwa zaidi ni ya kusoma meseji, maana namba za kuthibitisha miamala hupitia humo humo.

Kujikagua hakuhitaji fundi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, utazame ruhusa. Tochi inataka meseji zako za nini? (Tochi, jamani!) Tangu Android 8 ya mwaka 2017, kila programu inayotaka kuingiza nyingine kutoka nje ya duka rasmi la Play Store huombewa ruhusa yake; kama uliipa WhatsApp ruhusa hiyo, izime. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako juu, chagua Play Protect, kikaguzi cha programu cha Google, ikague simu. Duka rasmi nalo hupenyezwa mabaya mara moja moja, ila huondolewa yakigundulika.

Aliyekwisha kuingiza faili la kutilia shaka alifute, kisha abadilishe nywila zake kwa simu nyingine.