Siasa iko kwenye tepu: Cabaret Voltaire na sauti za wakubwa

Kila nikimwekea mtu Cabaret Voltaire, bendi ya Uingereza ya mashine na tepu, pale studio swali ni lile lile, "wanaimba nini hawa?", na jibu langu ni kwamba maneno mengi hata mimi siyasikii vizuri na wenyewe hawakuwa na haraka ya kukusaidia uyasikie. Sauti ya mwimbaji wao Stephen Mallinder imepitishwa kwenye mavifaa mpaka imekuwa kama mtu anaongea kwenye redio ya upepo kutoka kituo cha polisi cha mbali. Sasa hapo ndo watu wanachanganyikiwa, maana sisi huku tukisikia "muziki wa siasa" tunategemea mashairi, tunategemea mtu kama Remmy Ongala au Professor Jay akupe kisa, akutajie tatizo, ucheke halafu uumie. Bendi ya siasa ambayo maneno hayasikiki ni bendi ya siasa gani?

Mimi kazi yangu ni kurekodi na kumiksi kwahiyo nitaielezea kwa upande ninaoujua, upande wa mashine. Kwa maoni yangu siasa ya hawa jamaa haiko kwenye kile wanachosema, iko kwenye walivyoikamata sauti ya mwenye mamlaka, wakaikata, wakairudiarudia mpaka ikavuliwa nguo.

Walianza 1973 Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mji wa chuma. Walikuwa watatu: Chris Watson aliyekuwa fundi simu, Richard H. Kirk wa gitaa na klarineti, na Mallinder wa besi na sauti. Walikuwa wanakutana juu darini nyumbani kwa Watson na tepu rekoda, wanarekodi chochote, kelele, kuongea, redio, halafu wanaenda mtaani na gari wanawapigia watu tepu hizo bila kuulizwa na mtu. Kwa maneno ya kawaida hawakuwa wanamuziki na walikuwa wanalijua hilo. Jina wamelichukua kwenye klabu ya Zurich ya 1916, ile ya wasanii wa Dada, ambao katikati ya vita kuu ya kwanza walipanda jukwaani kusoma mashairi yasiyoeleweka kwa sababu waliona hao waliokuwa wanaeleweka, majenerali na wahariri wa magazeti, ndo walioifikisha Ulaya pale. Ukilishika hilo umeshashika nusu ya bendi.

Shoo yao ya kwanza ilikuwa Mei 1975 chuo kikuu cha Sheffield. Waandaaji waliambiwa inakuja bendi ya rock. Kilichokuja ni lupu ya tepu, yaani kipande cha tepu kinachojirudia, ya nyundo ya mvuke, ile ya kiwandani ya kufulia chuma, ndo ilikuwa ngoma yao, na juu yake Kirk anapuliza klarineti amevaa koti lenye taa za krismasi zinawakawaka. Watu walipanda jukwaani kupigana nao, Mallinder akaishia hospitali na jeraha la mfupa wa mgongo. Watu huwa wanaisimulia kama kichekesho lakini mimi kinachonigusa ni ile nyundo, maana usiku Sheffield nzima ilikuwa inasikia nyundo za viwandani, baba zao na majirani zao walilipwa kwa ule mdundo, na hawa vijana wameuchukua wakauleta ukumbini kwa wanafunzi kama muziki, bila maelezo yoyote. Karibu miaka mitano baadaye, Januari 1980, wafanyakazi wa chuma nchi nzima waligoma wiki 13, na baada ya hapo viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine chini ya waziri mkuu Thatcher. Hakuna wimbo wa Cabaret Voltaire unaosema "tunataka ajira". Ila sikiliza mdundo wao wa miaka hiyo, ni mashine inayoendelea kuzunguka wakati hakuna mtu anayeiendesha.

Ngoja nieleze lupu ya tepu maana vijana wa siku hizi wanabofya tu kitufe programu inajirudia yenyewe, hawajui ilikuwa kazi ya wembe. Tepu ya sumaku inapita kwenye kichwa cha mashine kwa spidi maalumu, mashine nyingi za studio ndogo zilikuwa zinaenda sentimita 19 kwa sekunde. Kwahiyo ukitaka lupu ya sekunde mbili unapima sentimita 38 za tepu, unazikata kwa wembe kwa mshazari, siyo wima, kwa sababu ukikata wima sauti inaruka ghafla na kutoa "tk", ukikata mshazari sauti moja inaingia huku nyingine inatoka. Halafu unaunganisha ncha mbili na gundi ya utepe upande wa mgongo, inakuwa duara. Ukitaka lupu ndefu, tuseme ya sekunde kumi, hiyo ni karibu mita mbili za tepu, haiwezi kukaa kwenye mashine, unaitoa nje unaizungusha kwenye stendi ya maiki upande wa pili wa chumba, na stendi ikisogea kidogo muziki unayumba. Ndo maana zile lupu za zamani zina uhai fulani, zinapepesuka, hazijirudii sawasawa.

Na ukiishusha spidi nusu, sauti inashuka oktevu nzima na urefu unakuwa mara mbili. Weka hapo sauti ya waziri au mhubiri uone, yule aliyekuwa anajiamini anageuka jini linalotafuta maneno.

Hii mbinu hawakuibuni wao, walikuwa wanamsoma mwandishi wa Kimarekani William Burroughs na rafiki yake Brion Gysin, waliokuwa wanakata magazeti na tepu na kuziunganisha ovyo, kwa imani kwamba lugha ya watawala ni kama programu iliyowekwa kichwani mwako na ukiikata unaona waya zake. Burroughs aliichukulia karibu kama uchawi, hapo mimi simfuati. Ila kuna jambo la kweli ndani yake ambalo limechunguzwa hadi maabara: mwanasaikolojia Diana Deutsch aligundua mwaka 1995 kwamba kipande cha maneno ya kawaida kikirudiwa mara kadhaa ubongo unaacha kukisikia kama maneno unaanza kukisikia kama wimbo. Yaani maana inadondoka, inabaki melodi ya yule mtu, anapopandisha, anapobana pumzi, anapokutisha.

Sasa chukua "Sluggin' fer Jesus" ya 1981. Kirk alikuwa amekwenda Marekani akakaa mbele ya televisheni akakutana na wahubiri wa kwenye skrini, na sauti iliyoko kwenye wimbo huo ni ya Dr. Gene Scott wa Los Angeles, ambaye alikuwa maarufu kwa kuomba hela kwa ukali, siyo kwa upole, anakugombeza kabisa kwa nini simu haziiti. Bendi haijaongeza neno hata moja la kumpinga. Wamemweka juu ya mdundo mkavu, basi, wakamwacha aendelee. Na kadiri anavyoendelea ndo unasikia kwamba anachouza siyo Yesu, anauza ile presha yenyewe. Mtu wa hapa kwetu aliyewahi kufungulia redio saa tano usiku akamkuta mtumishi anasoma namba ya kutumia sadaka mara ya saba haitaji mimi nimtafsirie.

Mwaka mmoja kabla walitoa albamu wakaiita The Voice of America, ndiyo, jina la redio ile ile ya serikali ya Marekani ambayo wazee wetu wameisikiliza kwenye idhaa yake ya Kiswahili wakidhani wanapata habari tu. Inaanza na afisa anawapa askari maelekezo kabla ya konseti, anaongea taratibu kabisa kuhusu kutoruhusu watu kucheza. Hakuna anayepigwa, hakuna bunduki. Ni utaratibu tu. Hiyo inanitisha kuliko king'ora.

Haya, albamu ya Red Mecca. Hii ilitoka 1981 na ndo kazi yao kubwa kuliko zote, na pia ndo jina ambalo kwa mtu kama mimi aliyekulia Tanga, madrasa jioni na kila kitu, linakufanya usite kabla hujaweka sindano kwenye santuri. Wapo waliojaribu kulilainisha wakasema Mecca ilikuwa jina la kampuni ya kumbi za dansi Uingereza, lakini Kirk mwenyewe alikataa, alisema wazi jina halikuwa la bahati mbaya na hawakuwa wanazungumzia ukumbi wa dansi wa Nottingham. Walichokuwa wanakiangalia ni miaka ile: mapinduzi ya Iran 1979, Wamarekani wameshikwa mateka ubalozini Tehran tangu Novemba, Desemba Warusi wanaingia Afghanistan, na upande wa pili Reagan anaingia Ikulu amebebwa na wale wale wahubiri wa televisheni. Kwa macho yao ilikuwa dini mbili zimevaa sare za jeshi zinatazamana.

Maoni yangu? Nusu ya kwanza ya hoja wameifanyia kazi kweli, ya pili wameiokota kwenye taarifa ya habari. Marekani wameijua, wamekaa nayo, wameirekodi, unasikia wanamjua mhubiri wao mpaka anavyomeza mate. Upande wa Uislamu unabaki kama rangi, kama taarifa kutoka mbali, na kijana wa Sheffield mwenye televisheni 1981 asingeweza kupata zaidi ya hapo, lakini bado ni udhaifu na wachambuzi wengi wa Ulaya wanaupita kimya kimya. Pamoja na hayo, kama rekodi ya hofu, ya namna habari za dunia zinavyoingia chumbani kwako usiku na huwezi kuzizima, sijasikia nyingine inayoifikia. Inafungua na kufunga na muziki wa Henry Mancini wa filamu ya Touch of Evil, filamu ya polisi fisadi mpakani, umepigwa kwa mkao wa kilevi levi. Halafu "Landslide", "Split Second Feeling", besi ya Mallinder inatembea kama ya dub, ile reggae ya Jamaika inayobebwa na besi na mwangwi, maana hawa walikuwa wanasikiliza dub sana na James Brown sana, hilo watu husahau, wanadhani ni Wazungu wa kelele tu. Ondoa ile besi kwenye miksi na unabaki na redio mbovu.

Yote wameirekodi kwao, Western Works, jengo la zamani la kiwanda ambapo chumba chao kabla yao kilikuwa ofisi ya vijana wasoshalisti wa mji. Hela ya lebo ya Rough Trade waliinunulia mashine badala ya kulipia studio ya mtu. Hapo mimi ndo nawavulia kofia, kwa sababu ukimiliki mashine hakuna prodyuza wa kukwambia "hii sauti itawaudhi watu wa redio". Angalia Sisso Studio ya Dar na singeli, kompyuta chakavu na lupu zilizokimbizwa mpaka basi, mle ndani pia hakuna aliyeomba ruhusa.

Baadaye wakaingia kwenye disko. The Crackdown ya 1983, Micro-Phonies ya 1984, mashine za ngoma, hela ya lebo ya Virgin, video nzuri. Wapo wanaosema walijiuza, mimi sioni hivyo, ni sauti zile zile za mamlaka ila sasa unazichezea, na kuna albamu ya 1985 wameipa jina zima la kundi la wazungu wenye silaha wa Arkansas, The Covenant, the Sword and the Arm of the Lord, kundi ambalo FBI walilizingira Aprili mwaka huo huo. Kule Marekani lebo ilifupisha jina. Ya 1990 waliyokwenda kurekodi Chicago sina la kuisema, ni haus ya kawaida. Kirk mwenyewe mwaka huo huo alifanya kitu kikali zaidi na DJ Parrot kwa jina la Sweet Exorcist, "Testone", kutoka kwenye toleo la tatu la lebo ya Warp, wimbo umejengwa kwa milio ya kupimia mitambo. Sisi mafundi tunaisikiliza tukicheka. Baadaye alilifufua jina la bendi peke yake, akalitumia hadi alipofariki Septemba 2021.

Watson je? Huyu aliondoka 1981 mara baada ya Red Mecca, akaenda kufanya kazi ya sauti Tyne Tees Television, na akaishia kuwa mrekodi wa wanyama na mazingira, moja ya masikio makubwa duniani kwa kazi hiyo, ndo huyo anayerekodi kwa ajili ya vipindi vya David Attenborough. Na hapa anatukaribia, kwa sababu albamu yake Weather Report ya 2003 inaanza na Masai Mara, saa 14 za tarehe 17 Oktoba 2002, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja usiku, zimekatwa na kuunganishwa zikawa dakika 18. Watu wanaiita rekodi ya asili. Mimi naisikia ni wembe ule ule. Ukisikiliza kwa makini hakuna kiunganishi unachokisikia, mbu, ndege, ng'ombe wa Wamasai kwa mbali, ngurumo, mvua, na vyote vina uzito sawa, hakuna msimulizi wa kukwambia simba ndo bosi hapa. Yule mtu aliyetumia miaka minane akikata sauti za wanaotoa amri, akipewa kipaza sauti na savana, kitu cha kwanza alichokifanya ni kumwondoa msimulizi.

Wa kuanza naomba asianze na "Nag Nag Nag" japo ndo maarufu, ile ni panki yenye mashine na itakudanganya kuhusu nyimbo zao nyingine zote. Anza na "Sluggin' fer Jesus", kisha Red Mecca yote bila kuruka, kwa hedifoni au spika zenye besi ya kueleweka. Kwenye spika ya simu besi ya Mallinder haipo kabisa na utakuja kunilaumu bure.