Kisasi si kila ubaya

Juzi tena nimemsikia jamaa anamsimulia mwenzie Jean de Florette, ile filamu ya Kifaransa ya Claude Berri ya mwaka 1986, eti mzee Papet "alimlipizia kisasi" Jean. Jamani, kisasi cha nini? Jean kamkosea nini? Katoka zake mjini na mke na mtoto, kibiongo chake mgongoni, kaja kulima shamba alilorithi huko milimani Provence, kusini mwa Ufaransa. Papet na ndugu yake Ugolin walikuwa wanaitaka ile chemchemi ya shambani wamwagilie maua ya biashara, wakaiziba kwa saruji kabla hajafika, wakakaa kimya wanamwangalia anahangaika kuleta maji kutoka mbali mpaka akafa akilipua mwamba atafute kisima. Hiyo ni tamaa na dhuluma.

Kisasi ni kumrudishia mtu kile alichokutenda, basi. Neno ni la Kiarabu, na mzizi wake ndo huohuo uliotupa kisa na mkasi, mzizi wenye kukata na pia kufuata nyayo. Msimulia kisa anafuata nyayo za mambo yalivyokwenda, na mlipa kisasi anafuata nyayo za aliyemkosea, anakanyaga palepale alipokanyaga mwenzie, hazidishi. Ndo maana kwenye sheria ya Kiislamu kisasi kina kipimo, jicho kwa jicho, si jicho kwa kichwa. Sisi tumelichukua neno tukakiacha kipimo, sasa hivi hata mtu akinuniwa tu anasema kalipiziwa kisasi.

Ukitaka kukiona chenyewe angalia sehemu ya pili, Manon des Sources. Manon, binti wa Jean, alikuwa mdogo alipowaona kwa macho yake wale wawili wanaizibua chemchemi baba yake keshakufa, akapiga ukelele. Kakua anachunga mbuzi, siku moja anamfuata mbuzi pangoni anakuta chanzo cha maji ya kijiji kizima, kijiji ambacho kilijua kuhusu ile chemchemi na kikanyamaza. Anakiziba. Maji kwa maji, kimya kwa kimya. Lakini lile la mwisho, Papet kuambiwa na bibi kipofu kwamba Jean alikuwa mwanawe wa kumzaa, msimhesabie Manon, hakulijua wala hakulipanga.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiisimulia tena, sema Papet alimdhulumu Jean. Kisasi mwachie Manon.