Mama Hamchurii Mtoto

Wiki iliyopita shangazi wa mtoto mmoja alinivutia pembeni kwenye korido. "Sista, mwambie wifi yangu aache kulia. Anamchuria mtoto." Sihesabu tena mara ngapi nimeambiwa hivyo, na ndugu, na wachungaji, na hata wauguzi wenzangu. Nimechoka, kwa hiyo naandika.

Mtoto ana Wilms, saratani ya figo ya watoto, na uvimbe umeshafika mapafuni. Mama yake analia usiku, mtoto akishalala. Mchana anamnywesha uji, anamfuta matapishi, anakodolea dripu macho isije ikavujia nje ya mshipa. Hakuna dozi ya kemo, dawa za saratani, iliyompita. Uchuro uko wapi hapo? Saratani haisikilizi nani analia.

Tena hofu yake si upungufu wa imani. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mama wa wodini hana haja ya kuzisoma. Anaamka asubuhi anakuta kitanda cha jirani kimetandikwa upya.

Lakini kinachonikera zaidi ni wale wanaodhani wanamwelewa: "Mwacheni alie sasa, baadaye atapata nafuu." Kana kwamba majonzi ni deni la dukani, ukilipa nusu leo, kesho inabaki nusu. Nimewaona mama waliolia mwaka mzima, na siku ilipofika wakaanguka kama watu waliopigiwa simu ya ghafla. Na wanachokililia kwa kawaida si kifo kitakachokuja. Therese Rando, mwanasaikolojia wa Marekani, alilisema hili tangu miaka ya 1980: anayemlilia mtu aliye hai bado anaombolezea pia vilivyokwisha kupotea na vinavyopotea leo.

Mama mmoja, nywele za binti yake zilipoanza kubaki kwenye mto, alizikusanya zote, akazifunga kwenye pindo la khanga, palepale anapofungia nauli. Siku hiyo alikuwa akililia nywele. Kesho yake shule iliyofunguliwa bila mwanawe, keshokutwa genge lake la biashara lililokufa kwa sababu yeye yuko mjini, mdogo wake mtoto aliyeachwa kwa bibi na sasa anamwita bibi "mama", mume ambaye simu zake zimepungua. Kila kimoja ni msiba usio na matanga. Nani atakuja kukaa naye mkekani wakati mtoto yu hai?

Mwingine aliuliza kusafirisha maiti hadi kwao ni shilingi ngapi. Kwenye faili mtu akaandika: "Mama amekata tamaa." Nilikasirika sana. Asubuhi ileile alikuwa ameuliza majibu ya damu yanatoka lini, na jioni alimnunulia mtoto viatu vya shule, vikubwa kidogo, ili avivae mwakani. Moyo wake ulikuwa na nafasi ya vyote. Faili ilikuwa na mstari mmoja.

Sasa yanayonitatiza mimi. Mwaka 1944 Erich Lindemann, daktari wa akili wa Boston, alieleza habari za askari aliyerudi salama kutoka vitani akamkuta mkewe hampendi tena, anataka talaka. Mke alikuwa ameshamlilia kama maiti, akamaliza. Nami nimeona mtoto aliyemaliza matibabu ya lukemia, saratani ya damu, zaidi ya miaka miwili, anarudi kliniki ana mashavu, na mama yake anakaa kiti cha pili kutoka kwake. Nilimwambia hongera, akaangalia sakafu. Hadi leo sijui nilipaswa kusema nini.

Tunafundishwa pia kwamba mama anaweza kulia mbele ya mtoto, mradi amweleze kwa nini. Niliwafundisha hivyo wengi. Kisha mvulana wa miaka sita akaanza kuficha maumivu, anauma shuka, ili mama asilie. Morfini, dawa kali ya maumivu, tulichelewa kuiongeza kwa sababu hiyo. Tangu hapo ushauri huo nautoa kwa kusitasita.

Yule shangazi nilimwomba jambo moja: ashike zamu ya usiku kitandani kwa mtoto, wifi yake apate pa kulilia. Alinyamaza muda mrefu. Saa mbili usiku alikuja na chupa ya chai na shuka lake.