Printa imegoma baada ya apdeti: nani wa kulaumiwa?

Wenye maduka ya stesheneri wanaijua asubuhi hii. Jana printa ilikuwa inatema karatasi bila shida, usiku kompyuta ikajisasisha, na sasa wanafunzi wamepanga foleni mlangoni huku printa ikikaa kimya. Anaitwa fundi, naye hata hajakaa kitini anatoa hukumu: "Ni hizi apdeti, tuzizime kabisa." Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi.

"Apdeti imeua printa"

Printa kwa kawaida ni nzima. Bonyeza kitufe chake cha kutoa karatasi ya majaribio, utaona inachapa. Kilichokwama ni draiva (vitabuni huitwa kiendeshi), yaani programu inayotafsiri amri za kompyuta ziwe lugha ya kifaa. Sasisho la usalama hubadilisha masharti ndani ya mfumo, na draiva iliyoandikwa miaka kumi iliyopita ikajikuta inabisha mlango uliokwisha kuzibwa.

"Wanatusumbua bila sababu"

Hapa mwaka 2021 unafaa kukumbukwa. Mwishoni mwa Juni ilivuja mbinu ya kushambulia Print Spooler, huduma inayopanga foleni ya kazi za kuchapa katika karibu kila Windows. Kasoro hiyo ikapewa jina PrintNightmare. Ubaya wake ni huu: huduma hiyo inafanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo, na ilimruhusu mtumiaji wa kawaida kuingiza draiva yoyote anayoitaka. Mdukuzi akaweza kuleta "draiva ya printa" isiyohusiana na printa hata kidogo, na kompyuta yote ikawa yake. Tarehe 6 Julai Microsoft, watengenezaji wa Windows, walitoa kiraka (sasisho la kuziba kasoro) cha dharura, hadi kwa Windows 7 ambayo msaada wake wa kawaida ulikuwa umekwisha Januari 2020. Kampuni haifanyi hivyo kwa jambo dogo.

Tarehe 10 Agosti likaja sharti jipya: kusakinisha draiva ya printa kunahitaji msimamizi wa kompyuta. Maofisini, wafanyakazi waliozoea kuunganisha wenyewe printa ya mtandao wa ofisi wakaanza kuombwa nywila wasiyokuwa nayo. Wakasema printa zimeharibika. Hazikuharibika, bali ruhusa waliyokuwa nayo haikupaswa kuwa wazi kiasi kile.

Septemba ikafuata na kosa 0x0000011b kwa wanaochangia printa moja kwa kompyuta kadhaa. Dawa iliyosambaa upesi ilikuwa kubadilisha thamani moja kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) iwe sifuri. Kuchapa kulirudi, ni kweli, kwa sababu thamani hiyo huzima ulinzi wenyewe. Mafundi wengi waliibadilisha bila kumwambia mwenye kompyuta, na sidhani kama wote walirudi kuirekebisha.

"Basi kosa ni la draiva siku zote"

Hapana, na tusiwatetee Microsoft kupita kiasi. Sasisho la tarehe 9 Machi 2021 liliangusha Windows 10 kwenye skrini ya buluu pale tu mtu alipobonyeza kuchapa, hasa kwa baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Kosa lilikuwa la Microsoft. Marekebisho yalitoka tarehe 15, kisha ikabidi yatoke mengine tarehe 18 kwa sababu baadhi ya kazi zilikuwa zinachapwa na michoro pungufu. Aliyeondoa sasisho hilo moja na kusubiri wiki hiyo alifanya jambo la busara. Aliyezima masasisho yote yuko mbali na huyo, kwa maana miezi minne baadaye PrintNightmare ilimkuta hana kinga.

"Imetokea baada ya apdeti, kwa hiyo chanzo ni apdeti hiyo"

Julai ile ya 2021 baadhi ya printa za risiti na lebo zilikataa kuchapa baada ya kiraka cha dharura, na lawama zote zikaangukia kiraka. Microsoft ikaeleza kwamba chanzo ni mabadiliko mengine yaliyoingizwa katika toleo la majaribio la Juni, ambayo yalisafiri ndani ya kifurushi kilekile. Na tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilipoanguka kwa pamoja, wengi walisema "apdeti ya Windows". Ilikuwa faili ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo draiva yake hukaa kwenye kiini cha mfumo. Windows haikusasisha chochote hapo.

"Piga Windows upya, itakaa sawa"

Itakaa sawa mpaka utakapowasha bando. Ukipiga Windows ya zamani umerudi nyuma ya sasisho. Mtandao ukipatikana linashuka tena na tatizo linarudi nalo, huku mteja ameshalipa. Afadhali uangalie ni sasisho lipi limeingia usiku ule, uliondoe hilo pekee, usimamishe mengine kwa muda (Windows inaruhusu hadi siku 35), kisha utafute draiva mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zile programu zinazojitangaza kusasisha draiva zako zote kwa kubofya mara moja, ziache. Unazipa mamlaka yaleyale ambayo PrintNightmare iliyatumia.

"Watarekebisha tu, tusubiri"

Kuna wakati hawarekebishi, kwa makusudi. Oktoba 2025 sasisho la usalama liliondoa kabisa faili ltmdm64.sys, draiva ya modemu za laini ya simu za kampuni ya Agere, iliyokuwa inakuja na Windows yenyewe. Ilikuwa na kasoro iliyokwisha kutumiwa na washambulizi, na kwa kuwa ipo hata kwenye kompyuta isiyo na modemu hiyo, waliona heri kuifuta kuliko kuishona kiraka. Ofisi iliyokuwa bado inatuma faksi kwa modemu ya aina hiyo haina sasisho la kusubiri. Inunue modemu nyingine, au iache faksi.