Si damu, ni wino mweusi

Juzi kijana ninayemfundisha kutia wino aliniletea ukurasa wake wa kwanza wa katuni ya kutisha. Nyekundu ilikuwa imemwagika kila mahali: ukutani, kwenye shati, mpaka juu ya herufi za kichwa cha hadithi. Nikamuuliza kulikoni. "Mwalimu, si ndivyo walivyofanya wale Wamarekani wa zamani?"

Hapana, sivyo. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na leo nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja.

Wanaosema hivyo huwa wanazungumzia EC, kampuni ya katuni ya William Gaines ya New York, iliyotoa Tales from the Crypt na ndugu zake kati ya 1950 na 1955, senti 10 nakala. Basi tuanze na jalada lililowaponza, la mchoraji wao Johnny Craig. Mwanamume ana shoka mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika nywele za kichwa cha mwanamke. Tarehe 21 Aprili 1954, mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikichunguza katuni, Seneta Estes Kefauver alimuuliza Gaines kama anaona jalada hilo lina staha. Gaines akajibu kwamba kwa katuni ya kutisha, linayo. Lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa kidogo, shingo ikaonekana inachuruzika damu. Jibu hilo lilimharibia jina, lakini kiufundi ni la kweli. Litazame tena. Shingo haionekani, si ya kichwa wala ya mwili. Damu iko mdomoni na kwenye shoka tu. Kilichobaki unakikamilisha mwenyewe kichwani mwako, na hapo ndipo unapoogopa.

Hata hivyo jalada lile halijawahi kunikaa vizuri. Yule mwanamke hana kazi pale ila kuwa kichwa na miguu. Ufundi wa Craig hauliondoi hilo, na sioni haja ya kujifanya unaliondoa.

Sasa wino. Karatasi ilikuwa duni, ya magazeti, mashine zilikwenda mbio, na rangi mara nyingi ziliteleza nje ya mistari. Mchoraji hakuwa na cha kutegemea ila nyeusi. Graham Ingels, aliyetia sahihi "Ghastly", alilielewa hilo kuliko wote. Jaribu kunakili mkono mmoja tu wa maiti yake. Mimi niliwahi kukesha nao. Mstari wa brashi unaanza mnene kwenye kifundo, unakonda ukipanda kidole, unaishia kama unywele kabla ya kufika kwenye kucha. Mstari wa pili haukai sambamba na wa kwanza, unauegemea, kama ngozi iliyolegea inavyoegemea mfupa. Nilipomaliza, mkono wangu ulifanana na wake kila kipimo, na ulikuwa mkono wa mtu mzima wa afya. Kilichooza kwenye mchoro wa Ingels ni mwendo wa brashi wenyewe. Hapana hata tone la damu pale.

Ndiyo maana matoleo mapya yaliyopakwa rangi upya kwa kompyuta yananiudhi. Wanaweka rangi inayofifia taratibu kutoka shavuni hadi kidevuni, kwenye karatasi inayong'aa, wakidhani wanasaidia. Lakini kivuli cha shavu lile tayari kimeshachorwa kwa brashi! Ukiongeza kivuli juu ya kivuli, uso unakuwa wa plastiki. Marie Severin, aliyepanga rangi za EC, alijua kujizuia. Mara nyingi alifunika fremu nzima kwa bluu moja au manjano moja, akaiacha nyeusi iseme. Wengi husema alikuwa anaficha ukatili. Sawa, lakini bluu ile pia ni baridi, na mwili wa msomaji unaipokea kabla hajasoma neno.

Maneno nayo yalikuwa mengi mno. Al Feldstein aliandika hadithi moja kwa moja kwenye bodi, herufi zikawekwa kwa kifaa cha Leroy, cha kuongozea kalamu, zimenyooka kama za ramani ya mhandisi, ndipo mchoraji akapewa nafasi iliyosalia. Bernard Krigstein hakukubali. Kwenye "Master Race" ya 1955 aliomba nafasi zaidi, akapata kurasa 8 badala ya 6, akakatakata bodi na kuzipanga upya, mpaka mtu anayeanguka mbele ya treni akagawanywa katika fremu nyembambanyembamba. Hakuna mzimu humo, na hadi leo mgongo unanisisimka.

Kanuni za 1954, walizojiwekea wachapishaji wa katuni wenyewe, zilikataza hata neno "horror" kwenye jina la kitabu. Mambo yakaisha haraka.

Kuna jambo moja linalonisumbua. Ingels alihamia Florida, akafundisha uchoraji, na kwa miaka mingi hakutaka kuzungumzia kazi zile. Wafuasi wake husema ni aibu aliyovishwa na zama zake. Labda. Au labda aliitazama ile mikono akaona kitu ambacho mimi, niliyekesha naikopi, bado sijakiona. Kijana wangu nimempa mkono uleule aunakili, bila chupa nyekundu. Ataniletea Jumamosi.