Ubao wa drafti wa timu moja si orodha ya mapengo yake

Kila mwaka, kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili, wafuatiliaji wa futiboli ya Marekani huisubiri drafti, yaani zoezi la timu kuchagua kwa zamu wachezaji wapya, na hupeana orodha ndefu za wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, na juu ya orodha hizo huandika kwamba huu ni ubao wa Chicago Bears, au ubao wa Dallas Cowboys, au wa timu nyingine yoyote waipendayo. Nyingi kati ya hizo si ubao. Baadhi ni utabiri wa nani atachukuliwa na nani, na baadhi ni orodha ya jumla iliyonakiliwa mahali fulani, kisha wachezaji wa nafasi ambazo timu ina upungufu wakapandishwa ngazi kadhaa. Makosa haya yamerudiwa mno hata yanaonekana kuwa ndiyo maana yenyewe.

Ubao wa drafti ni orodha ya wachezaji ambao timu iko tayari kuwachukua, wakiwa wamepangwa kwa alama ilizowapa timu yenyewe, baada ya kupima uwezo wao, afya yao, mwenendo wao na jinsi wanavyoafiki mfumo wake wa uchezaji. NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ina timu 32, drafti ina raundi 7, na utaratibu ni kwamba timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo huanza kuchagua. Ubao haudai kujua nani atachukuliwa lini. Kazi yake ni kuiongoza timu pale zamu inapofika na majina fulani yakawa bado hayajachukuliwa.

Utabiri hujibu swali jingine kabisa, yaani wenzetu 31 wanafikiri nini. Mwaka 2017 John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22 katika vipimo vya kila mwaka vya wachezaji wa vyuo, mjini Indianapolis, kasi ambayo haikuwa imewahi kurekodiwa hapo kabla, na Cincinnati Bengals wakamchukua katika nafasi ya 9. Aliyetabiri kwamba Ross angeondoka mapema alikuwa sahihi. Aliyemweka wa 9 kwenye ubao kwa sababu ya ubora wake alikosea, kwa kuwa majeraha na uchezaji hafifu havikumruhusu kufikia kiwango hicho. Jina ni lile lile na namba ni ile ile, ila mmoja kapata na mwingine kakosa, maana kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake.

Hapo mwanzo ubao ulikuwa ubao kweli, wa kuandikia kwa chaki. Drafti ya kwanza ilifanyika tarehe 8 Februari 1936 katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia, kufuatia pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, na majina 90 yaliandikwa ubaoni ukutani ili wote waliokuwamo chumbani wayaone. Timu hazikuwa na idara za kusaka vipaji, na mengi waliyoyajua kuhusu wachezaji yalitoka magazetini. Jay Berwanger, aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ubao ule ulikuwa wa wote, na ubao wa siri wa timu moja ulikuja baadaye. Waliousukuma mbele zaidi ni Dallas Cowboys miaka ya 1960, pale viongozi wake Tex Schramm na Gil Brandt walipomtumia Salam Qureishi, mtaalamu wa takwimu kutoka India, kuandaa programu ya kompyuta iliyopima sifa za wachezaji kwa namna ambayo Cowboys wenyewe walizithamini. Hata leo timu nyingi huanza na alama za awali wanazozinunua kwa pamoja kutoka mashirika kama National Football Scouting na BLESTO, kisha kila moja hushika njia yake. Kwa hiyo kinachoufanya ubao uwe wa timu fulani ni alama zake. Majina karibu kila mtu anayo.

Sasa tufike kwenye mkanganyiko unaosumbua zaidi. Watu husema kwamba ubao wa timu hupangwa “kulingana na mahitaji ya timu”, na chini ya neno hilo moja la mahitaji wamefunika mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Moja ni kufaa, yaani mchezaji kulingana na mfumo ambao timu inaucheza. La pili ni pengo, yaani timu kukosa mtu wa kutegemewa katika nafasi fulani kwa wakati huu. Kufaa kunabadilisha alama ya mchezaji kwa haki kabisa. Pengo halipaswi kuigusa.

Mfano wa kufaa ni Seattle Seahawks chini ya kocha Pete Carroll. Mfumo wake wa ulinzi ulitaka mabeki wa kona warefu wenye mikono mirefu, wanaoweza kumbana mpokeaji mpira tangu hatua ya kwanza na kumsukumia pembeni. Katika drafti ya 2011 walimchukua Richard Sherman, mwenye urefu wa takriban sentimita 190, aliyekuwa amehama kutoka upokeaji mpira kwenda ulinzi alipokuwa bado chuo kikuu cha Stanford. Alikuwa mchezaji wa 154 kuchaguliwa, katika raundi ya 5. Timu zilizotaka mabeki wepesi wa kugeuka haraka hazikuwa na sababu ya kumpa alama kubwa, na kwa mfumo wao huenda hazikukosea. Seahawks walikuwa na kazi nyingine ya kumpa, na Februari 2014 alikuwa nguzo ya ulinzi uliotwaa Super Bowl, fainali ya ligi. Mchezaji huyo mmoja anaweza kustahili alama mbili zenye tofauti kubwa kwenye mbao mbili, na zote zikawa za haki. Hiyo ndiyo maana ya kupanga ubao kwa ajili ya timu moja.

Mfano wa pengo ni Baltimore Ravens mwaka 1996. Timu ilikuwa ndiyo kwanza imehama kutoka Cleveland, Ozzie Newsome akiwa anasimamia drafti yake ya kwanza, na zamu yao ilikuwa ya 4. Mmiliki Art Modell alimtaka Lawrence Phillips, mkimbiaji mpira, kwa kuwa pengo lililoonekana kwa kila mtu lilikuwa hapo. Kwenye ubao wa Newsome jina lililobaki juu lilikuwa Jonathan Ogden, jitu la kumkinga kwotabeki (mrushaji mpira mkuu wa timu) upande wa kushoto, ilhali nafasi hiyo tayari ilikuwa na Tony Jones. Newsome alimchukua Ogden, akamchezesha nafasi ya ndani kidogo msimu wa kwanza, na mwaka uliofuata akampa nafasi yake halisi. Ogden aliingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo mwaka 2013. Phillips alichukuliwa wa 6 na St. Louis Rams, ambao walimwacha kabla msimu wake wa pili haujaisha. Laiti pengo lingeruhusiwa kuhamisha majina kwenye ubao, Phillips angekuwa juu ya Ogden, na hakuna kipimo cha uchezaji ambacho kingeutetea mpangilio huo.

Sababu ya kuyatenganisha haya mawili ni muda. Tangu mkataba wa pamoja wa ligi na wachezaji wa mwaka 2011, mchezaji anayechaguliwa kwenye drafti husaini miaka 4, na kwa wa raundi ya kwanza timu ina hiari ya kuongeza mwaka wa 5. Pengo halina umri huo. Linaweza kufunguka kwa jeraha moja la Septemba, na linaweza kuzibwa Machi, dirisha la wachezaji huru, waliomaliza mikataba, linapofunguliwa mwezi mzima na zaidi kabla ya drafti. Anayepanga ubao kwa kufuata mapengo aliyoyaona Februari hulazimika kuupanga upya mwezi uliofuata, ingawa hakuna mchezaji hata mmoja aliyepanda wala kushuka kiwango.

Mzozo wa mwaka 1994 unaonyesha hili vizuri, ingawa kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho tu. Indianapolis Colts walikuwa na chaguo la 2, wakamchukua Marshall Faulk, na la 5, wakamchukua mlinzi Trev Alberts. Mchambuzi Mel Kiper aliwakosoa vikali kwenye televisheni kwa kumwacha kwotabeki Trent Dilfer, kwa hoja kwamba timu ile haikuwa na kwotabeki wa kutegemewa. Bill Tobin, msimamizi wa Colts, alijibu kwa hasira, akihoji hadharani Kiper ni nani hasa. Watazamaji hubishana mpaka leo nani alishinda, ilhali kila mmoja alikuwa na kosa lake. Alama ya Alberts ilikuwa kosa la ubao, kwani majeraha yalimstaafisha baada ya misimu mitatu. Lakini pengo alilolitaja Kiper nalo halikudumu, maana katika msimu wa 1995 Jim Harbaugh aliiongoza Colts hadi mechi moja tu kabla ya Super Bowl.

Pengo lina mahali pake, tena pa heshima. Wasimamizi wengi huwagawa wachezaji wao katika matabaka, na wawili wakiwa tabaka moja ni busara kumchukua yule ambaye timu haina mfano wake. Pengo pia linaweza kuamua kama timu iuze zamu yake, ishuke nyuma kidogo na kuongeza chaguo, jambo ambalo Cowboys wa Jimmy Johnson walilitengenezea jedwali la thamani mwanzoni mwa miaka ya 1990, chaguo la kwanza likipewa pointi 3,000. Maamuzi hayo yote hufanywa na msimamizi siku ya drafti, huku ubao ukiwa mbele yake kama ulivyo.

Hivyo anayeandaa ubao wa timu aipendayo angeanza vizuri zaidi kwa kujiuliza timu hiyo inacheza mfumo gani, kisha awafute wasioweza kuucheza. Ubao halisi wa timu mara nyingi hauna hata majina 200, kwa sababu wengi wameondolewa kwa afya, kwa mwenendo au kwa kutofaa. Orodha ya majina 300 ambayo makwotabeki wake wamepandishwa ngazi kumi kwa kuwa timu haina kwotabeki inaweza kuwa na faida kwa msomaji, nayo ingefaa kuitwa orodha ya mapengo.