Makongoro Yaliyoganda na Nyuzi Zinazokushikilia

Pika makongoro jioni hapa Moshi, acha sufuria jikoni usiku kucha kwenye baridi ya Julai. Asubuhi supu imeganda, inatikisika. Si mafuta hayo. Mafuta yameelea juu, unaweza kuyaengua kwa kijiko. Kilichoganda ni kolajeni, protini ya kano na ngozi ya ng'ombe, iliyoyeyushwa na moto ikawa jelatini. Protini hiyohiyo ndiyo inayokushikilia wewe.

Sisi tunaofundisha anatomia huielezea chini ya tishu unganishi, yaani zile zinazounganisha na kushikilia sehemu za mwili. Ini na misuli vimesongamana seli. Kwenye kano, gegedu (ile tishu laini ya kwenye viungo kama goti) au mfupa, seli zimekaa mbalimbali, na katikati yake mna nyuzi na dutu ya msingi ambazo seli zenyewe zimezitengeneza. Kati ya seli hizo, fundi mkuu ni fibroblasti, ndiye anayetoa nyuzi. Makrofaji humeza vijidudu na mabaki. Mastosaiti hutunza histamini, kemikali inayoleta uvimbe. Ukiumwa na nyuki, wao ndio wanaovimbisha mahali pale.

Kolajeni ni imara, haivutiki. Elastini huvutika na kurudi. Muulize muuza nyama kuhusu ule mshipa mnene wa njano wa shingo ya ng'ombe: uuchemshe mchana kutwa, hauyeyuki, kwa sababu umejaa elastini. Nyuzi za tatu, retikulini, ni nyembamba mno na hutegemeza seli za ini na bandama.

Dutu ya msingi haionekani kwa macho, lakini naiona ndiyo ya ajabu kuliko zote. Ina molekuli ndefu za sukari zenye chaji hasi, zinazovuta maji na kuyashika kama sifongo. Bonyeza muundi wako kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Ukiachia na shimo likabaki, maji yamezidi humo. Huenda ni moyo, figo au ini, na kwa mjamzito lisipuuzwe hata kidogo: nenda kliniki upimwe presha na mkojo.

Wenye maumivu ya magoti huniuliza kama supu ya makongoro itarudisha gegedu. Supu ni chakula kizuri, lakini tumbo huikatakata kolajeni kuwa asidi za amino, vipande vidogo vinavyounda protini, na mwili ndio unaoamua zitumike wapi. Haiendi gotini moja kwa moja. Ninachosisitiza zaidi ni vitamini C, kwa kuwa bila hiyo fibroblasti haiwezi kusokota nyuzi zikakaza. Ukiikosa kwa miezi, unapata kiseyeye: fizi zinavuja damu, vidonda havifungi. Pale soko la Mbuyuni nunua mapera; pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mchicha usiuchemshe mpaka ukalegea kabisa, maana moto mrefu huiharibu vitamini hiyo.

Nawafikiria sana vijana wa bodaboda wanaoshonwa mguu, na nyuzi zikitolewa tu wanarudi kubeba mikungu ya ndizi. Wiki 3 baada ya jeraha, ngozi ina takriban asilimia 20 tu ya nguvu zake za awali. Miezi 3 hivi ikipita hufikia kama asilimia 80, na haizidi sana hapo. Juu kidonda kimefunga, kumbe ndani fibroblasti bado wanang'oa kolajeni ya haraka na kusuka ile ya kudumu.